Doa Kama Dengu

Juzi kwenye gulio la Belcaire nilitaka kumpiga mtu kwa kitunguu. Siku hizi nauza vitunguu, na vyangu ni vikubwa, vinaumiza. Kijana mmoja mwenye zeze alikuwa amepanda juu ya pipa anawasimulia watu habari za Bibi Ermessen wa Rocasorda, jinsi mumewe alivyomjengea ukuta kumzunguka akiwa hai kwa sababu ya kupendwa na mtunzi wa nyimbo. Wanawake walikuwa wanajifuta machozi kwa aproni. Hata mchinjaji, mtu ambaye kutwa nzima anakata vichwa vya kondoo, alikuwa anavuta kamasi.

"Muongo!" nikapiga kelele. "Hakujengewa ukuta wala uzio! Nilikuwepo!"

"Mzee, uza vitunguu vyako," akanijibu yule kijana, na watu wakacheka.

Basi nimerudi nyumbani na hasira zangu, na nitaieleza hapa ilivyokuwa. Asiyetaka kusikia akasikilize pipa.

Mimi ni Estornel, jina la ndege wa aina ya kwezi, kwa sababu nikisikia wimbo mara moja nimeushika. Miaka sita nilikuwa mwimbaji wa Bwana Jausbert. Yeye alikuwa mtunzi, mtoto wa ukoo mdogo wenye mnara mmoja uliobomoka, mzuri wa sura, mwenye vidole vyeupe. Yeye alitunga, mimi niliimba. Mtunzi wa heshima haimbi mwenyewe mbele ya watu, ana mtu wake. Tulizunguka ngome kwa ngome, na kila ngome ilikuwa na bibi wake wa kusifiwa, na bibi huyo alikuwa mke wa mtu.

Msishangae. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Bwana ambaye mkewe hakuimbiwa alionewa huruma kama mtu mwenye farasi kilema. Mtunzi alipiga magoti mbele ya bibi, akaweka mikono yake kati ya mikono ya bibi, akaapa kumtumikia mpaka kufa, na mume alikaa pembeni amejaa kiburi akimwaga divai. Jina la bibi halikutajwa kamwe. Alipewa jina la siri, na siri hiyo ilijulikana na kila mtu mpaka mpishi.

Sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka sita sikulisema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi. Jausbert alikuwa na wimbo mmoja mzuri kuliko zote, na wimbo huo tuliuimba katika ngome tano. Beti zote zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni tamati, ule ubeti mfupi wa mwisho ambapo wimbo unatumwa kwa mwenyewe. Majina yote matano ya siri yalikuwa na mizani minne, ili kila moja liingie palepale kwenye pengo bila kuharibu hesabu. Kabla hatujaingia lango, Jausbert alikuwa akiniinamia kutoka juu ya farasi.

"Hapa nani?"

"Hapa ni Jicho Tamu, bwana."

"Sawa. Usije ukanichanganyia."

Sikumchanganyia hata siku moja. Mwimbaji anayechanganya tamati amekwisha. Hakuna lango litakalomfungukia tena kutoka baharini mpaka milimani.

Kule Rocasorda jina lilikuwa Taa Yangu, na Taa Yangu alikuwa Bibi Ermessen. Alikuwa na miaka kama thelathini, si mrembo wa kuangusha watu, ila ukizungumza naye anakutazama kama vile una jambo la maana la kusema. Ngome nyingine mwimbaji alikula karibu na mlango, akigombania mifupa na mbwa. Bibi Ermessen aliniweka mwisho wa meza, lakini mezani. Nilipopata homa mwaka wetu wa pili pale, alikaa mwenyewe kitandani kwangu na kitambaa cha siki, siku tatu, na bintiye mdogo Saura akiniletea maji. Watu wengine wamenipa makoti. Yeye alinipa heshima ya mtu.

Mumewe, Bwana Odilon, alikuwa mtu wa kunguruma. Nyimbo hakuzielewa wala hakuzisikiliza. Alipenda tu wageni waseme, "Odilon, mkeo anaimbiwa vizuri." Hapo alikuwa akipiga meza na kumwongezea Jausbert nyama.

Sasa njoo siku yenyewe. Ilikuwa Pentekoste, mchana, jua limejaa ukumbini na sakafu imetandikwa majani mabichi. Askofu alikuwepo, mzee mnene mwenye sauti ndogo, amekuja na dada yake mjane. Mabwana wa jirani walikuwepo na wake zao, na miongoni mwao Bwana Uc, jitu la watu, na mkewe Bibi Garsenda. Baada ya bata na uji wa njugu, Odilon akanyoosha kidole.

"Estornel! Ule wimbo. Ule wa bibi."

Nikakaza zeze langu nikaimba. Sikuwahi kuimba vizuri kama siku ile, Mungu anisamehe. Nilipofika mwisho watu walipiga makofi, na Odilon hakupiga. Alisimama.

"Rudia ubeti wa tatu."

Nilifikiri ameupenda. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nikasema moyoni, huyu mtu amesikiliza. Nikauimba tena:

*Nimeliona kwa taa, mwanga ukimwangukia,*
*Doa dogo linang'aa, dengu iliyotulia,*
*Chini ya ziwa lakaa, mkono sijautia,*
*Ni jicho linashangaa, na moyo waniumia.*

"Baba Askofu," Odilon akasema, "umesikia kwa masikio yako. Chini ya ziwa, chini ya titi la mwanamke, doa kama dengu. Mke wangu analo. Mimi mumewe nalijua. Naomba mtu aniambie, huyu mshairi kalijuaje?"

Mkono wangu ulibaki juu ya zeze, haupandi haushuki. Miaka mitatu Odilon alikuwa akiulisha wimbo ule nyama na divai! Miaka mitatu! Na leo ameugeuza kamba, na mimi kwa kinywa changu nimemfungia fundo, tena mara mbili.

"Mke mzinifu," Odilon akaendelea, kana kwamba anasoma, "naomba niachane naye kwa sheria ya kanisa. Aende nyumba ya watawa huko mlimani. Mali aliyokuja nayo inabaki kwangu, na mtoto anabaki kwangu."

Hapo hata mjinga alielewa. Kulikuwa na binti wa miaka kumi na tano huko pwani, baba yake kafa na kumwachia mabwawa ya chumvi, na tangu Kwaresima Odilon alikuwa akizungumza habari za chumvi kama mtu aliyerogwa. Nyumba ile ya watawa mlimani nayo tuliijua. Mlango wake ulifunguka kuingia tu.

Askofu alijifuta mdomo polepole. "Mwanangu Ermessen, mtu huyu amekugusa?"

"Hajanigusa, Baba. Hata kidole. Nilimpa glavu yangu, na mlikuwepo wote."

"Amekuona?"

"Hajaniona."

"Basi amejuaje?"

Bibi Ermessen alifungua mdomo akaufunga. "Sijui," akasema. Na hapa nataka mnisikilize, kwa maana nilikuwa karibu naye kuliko wote. Uso wake haukuwa na hofu. Uliwaka. Alikuwa anakaribia kutabasamu. Nikajiambia, maskini, amepata wazimu kwa ghafla, na machozi yakanitoka palepale mbele ya watu.

"Haya, wewe Jausbert," Askofu akamgeukia. "Sema. Umeuona mwili wa mwanamke huyu?"

Nikapumua. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Angesema tu, Baba, ni maneno ya wimbo, nimeyaimba hapa na pale, sina nilichokiona. Aibu kidogo, kicheko kidogo, yamekwisha.

Jausbert alipiga goti moja, akaweka vile vidole vyeupe kifuani.

"Baba Askofu," akasema kwa sauti ya kutetemeka vizuri, "mpenzi wa kweli hataji jina la mpenziwe wala hasemi alichokiona. Nikateni ulimi. Siri yangu nitakufa nayo."

Wanawake wakashusha pumzi. Mmoja akalia kwa raha. Mimi nilibaki mdomo wazi kama samaki. Ukishangaa ya Musa utaona ya Firauni! Mtu anaulizwa kama amemwona mwanamke uchi, naye anajibu kwamba ni siri. Si ndiyo amesema ndiyo?

Askofu alitikisa kichwa. Akasema ataamua kengele ya alasiri ikilia, na kwamba mpaka hapo bibi asitoke ukumbini. Odilon akaketi akamwaga divai.

Nilimkuta Jausbert uani kwenye kisima, ananawa mikono.

"Bwana, rudi ndani useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba ni wimbo! Kwamba hujawahi kuona chochote! Wanampeleka mlimani, bwana. Wanamnyang'anya mtoto!"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemfundisha ng'ombe kusoma. "Estornel, wewe una sikio zuri, ila kichwani mna vumbi. Fikiri. Wimbo ambao mwanamke amefungiwa kwa sababu yake. Unajua utaimbwa miaka mingapi? Mia tatu! Watu watakuja kuniuliza, wewe ndiye yule? Wafalme watanitaka."

"Na yeye?"

"Yeye atakuwa ndani ya wimbo. Nani hapendi?"

"Na wewe je? Mzinifu anakimbizwa uchi mjini kwa fimbo!"

"Odilon ameniahidi njia salama," akasema, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Tangu jana. Na farasi."

Tangu jana. Basi jana usiku wakati wa chakula, yule bibi alipokuwa anamkatia kipande laini cha nyama kwa kisu chake mwenyewe, mtu huyu alikuwa ameshamuuza, na alikula ile nyama, na alisema asante.

"Nitasema mimi," nikamwambia.

"Sema." Akacheka. "Neno la mwimbaji dhidi ya mabwana wawili. Watakutandika bakora. Halafu utaimba wapi tena, Estornel? Nani atamfungulia mlango kata anayemwaga mtungi? Utauza vitunguu."

Hilo la vitunguu alilisema yeye. Ndiyo sababu kila nikifunga mashada yangu namkumbuka.

Kengele ya alasiri ililia. Tuliporudi ukumbini Bibi Ermessen alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani, na ule mwanga wake usoni. Saura alikuwa amelala kichwa kimeegemea goti la mama yake, mdomo wazi, hajui lolote. Nilipomwona mtoto yule, miguu yangu ilikwenda yenyewe. Askofu alikuwa ameshainua mkono ili anene.

"Baba Askofu," nikasema, "wimbo haujaisha."

"Kaa chini, mbwa wewe!" Odilon akanguruma.

"Wimbo una tamati nyingine. Naomba niimbe yote, ndipo uamue."

Sijui kwa nini Askofu aliniruhusu. Nadhani alikuwa anapenda nyimbo. Nikaweka zeze begani. Jausbert alikuwa upande wa pili wa meza, na nilimwona anavyobadilika rangi, kutoka nyekundu hadi nyeupe, na midomo yake ikisema bila sauti, hapana, hapana. Nikaimba ubeti wa tatu wote, doa na dengu, kisha nikaunganisha tamati:

*Shika njia ewe wimbo, milima ukapitia,*
*Kamwambie Jicho Tamu, mja wake namfia.*

Wageni hawashiki beti, wanashika jina la mwisho tu, na jina hili walilishika. Halafu benchi likaanguka. Bwana Uc alikuwa amesimama, na akisimama Bwana Uc ukumbi unapata giza.

"Jicho Tamu ni mke wangu!"

"Ndiyo, bwana."

"Huo ni wimbo wa mke wangu! Krismasi ile ya theluji nyingi, miaka minne iliyopita! Nilimpa farasi, yule wa kijivu! Nikasema huu wimbo mzuri, na wewe mwenyewe ndiye uliyeuimba, chokoraa wewe!"

"Ubeti huu huu, bwana?"

"Huu huu! Na ile dengu! Nilicheka sana, nikamwambia Garsenda, yako si dengu, yako ni…" Hapo akanyamaza, kwa sababu Bibi Garsenda alikuwa amefunika kifua chake kwa mikono miwili na kumtazama kwa macho ambayo hayakuwa matamu hata kidogo.

"Miaka minne," Askofu akasema polepole. "Na mtunzi huyu amefika Rocasorda lini?"

"Miaka mitatu, Baba," wakajibu watumishi kwa pamoja kutoka mlangoni. Watumishi wanajua kila kitu.

Niliendelea. Nilijua nikisimama nitaogopa. Nikaimba tena ubeti, nikaweka *Kamwambie Ua Jema*. Mke wa mmoja wa mabwana akatoa mlio mdogo, na mumewe akageuza shingo yote kumtazama. Nikaweka *Kamwambie Tumaini*. Bibi kizee mmoja, mama wa watu wazima, ambaye hata meno ya mbele hakuwa nayo, akasema kwa sauti ya kushangaa kabisa, "Lakini aliniambia ni mimi tu!" Watu hawakujua wacheke au wapige msalaba. Mume mmoja alicheka, akatazama upande, akaona mkewe analia, akaacha kucheka. Ukumbi mzima ulikuwa umegeuka, kila mume anamtazama mke, kila mke anatazama meza, na wanne miongoni mwao mikono iko kifuani mahali pamoja.

Nikavuta pumzi ya jina la tano. "*Kamwambie Heri…*"

"Inatosha," akasema Askofu haraka. Dada yake alikuwa amekuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. "Inatosha, mwanangu. Tumeelewa."

Hukumu haikuchukua muda. Askofu alisema wimbo uliokuwa ukiimbwa kwingine mwaka mzima kabla mtunzi hajaliona lango hili hauwezi kushuhudia kitu kilichoonwa humu. Alisema ngozi za wanadamu zina madoa, na anayetafuta doa atalipata. Bibi Ermessen ni mke halali, anabaki na nyumba yake, mtoto wake na mali yake, na Odilon akimgusa kwa ubaya atakosa sakramenti. Odilon alikaa kama gunia lililotolewa nafaka. Chumvi yote ile imeyeyuka mbele yake.

Jausbert alikuwa ameshatoroka kupitia jikoni. Bwana Uc alimfuata na nyama ya mguu wa nguruwe mkononi. Nasikia alimkamata kwenye zizi. Sikwenda kuangalia, ingawa sikujizuia kwa wema. Nilikuwa namtazama Bibi Ermessen.

Nilitaka anitazame. Nasema kweli, sioni aibu. Nilikuwa nimetupa mkate wangu wa maisha yote mbele ya mabwana wa nchi nzima, na nilitaka macho yale yaniangalie kama yalivyokuwa yakiniangalia. Watumishi walikuwa wanalia na kubusu pindo la gauni lake. Saura aliamka akauliza kuna nini. Bibi hakumjibu. Ule mwanga ulikuwa umeondoka usoni, umeondoka kabisa, na nilishtuka kuona ni mwanamke aliyechoka wa miaka thelathini.

Asubuhi yake aliniita. Alikuwa chumbani kwake juu, dirisha wazi, funguo zote za ngome zinaning'inia kiunoni. Nilipiga goti. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kusema akinishukuru, kwamba si kitu, bibi, nisingeweza kunyamaza.

"Estornel," akasema, "wa kwanza alikuwa nani?"

"Wa kwanza nani, bibi?"

"Mwenye doa. Wimbo ulitungwa kwa ajili ya mtu. Kabla yangu, kabla ya Garsenda. Alikuwepo mmoja mwenyewe. Niambie jina lake, sitakasirika."

Ningeweza kusema uongo. Nimedanganya mabibi kwa miaka sita, kazi yangu ilikuwa hiyo. Lakini alinitazama kwa macho yale ya kungoja jambo la maana, nikashindwa.

"Hakuwepo mtu, bibi."

"Lazima alikuwepo."

"Tulikuwa kwenye nyumba ya wageni, mvua inanyesha, siku ya pili hatutoki. Ubeti ulikuwa na pengo. Bwana Jausbert alikuwa anataka kitu kidogo cha kuona, hakipati, anatukana. Tulikuwa tunakula dengu. Moja ilidondoka mezani. Nikamwambia, weka dengu. Ni mimi, bibi. Ile dengu niliiweka mimi."

Chini uani walikuwa wanapiga mazulia.

"Wewe," akasema.

"Mimi, bibi. Nisamehe. Sikujua unalo."

"Hakuna aliyejua. Odilon mwenyewe aliliona mwaka wa kwanza akasema ni chafu, nikajisugue." Akageukia dirisha. "Jausbert alipoimbisha ule wimbo mara ya kwanza hapa, nilidhani nitazimia. Nilijua hajaniona. Nilijua mlango ulifungwa. Nikasema, basi ni Mungu amemwonyesha. Nikasema, kumbe mambo yanayoimbwa ni kweli, mtu akikupenda kiasi hicho anakuona kupitia ukuta. Jana walipokuwa wanataka kunipeleka mlimani, unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza, nitakwenda, kwani hata kule ataniona."

Zile kauli nilizojiandalia nikaziacha.

"Miaka mitatu, Estornel, kila nikivua nguo hapa nilikuwa na mtu. Umeniokoa. Mtoto wangu amelala kwangu, funguo zangu ninazo, na najua umepoteza nini. Nitahakikisha unapata kipande cha shamba, ulime chochote. Lakini leo nitavua peke yangu."

"Bibi…"

"Niimbie mara ya mwisho. Wote. Ila mwishoni usiweke jina."

Nilileta zeze. Nikaimba beti zote kwa sauti ya chini, nikaipitia dengu bila kumtazama, nikaingia kwenye tamati. *Shika njia ewe wimbo, milima ukapitia, kamwambie…* na pale kwenye pengo la mizani minne nikaacha. Upinde ulibaki hewani. Bibi Ermessen alisimama akisikiliza kama vile bado kuna kitu kinakuja. Siku ilikuwa ya joto, hata mbu walikuwa wamechoka, lakini alipoona hakiji alishika kamba za gauni lake akazikaza moja moja mpaka shingoni.